Mizani ya makamyo: uzito uingie mu Excel na ku ekra ya inje muda ule ule, programu tatu masini moja, munafanyaka aje?

mutoto_wa_Katuba (Lubumbashi)

Jambo ba yaya na ba ndugu wote, naomba musaada. Niko na masini moja ya Windows 10 mu biro ya mizani kubwa, ile ya makamyo, huku njia ya Kasumbalesa. Mizani iko na kisanduku chake kinaonyesha kilo, na kile kisanduku kinatuma uzito kwa kebo ya serial mpaka COM3, mistari kama hii, karibu tano kila sekunde:

```
US,GS,+0023500kg
ST,GS,+0023480kg
```

ST ni uzito umetulia, US ni kamyo ingali inatikisika. Nimeandika programu ya C# inasoma ile porti na inatembea bwino kabisa, hapo sina shida. Shida ni kwamba kontable anataka aone kilo mu Excel yake palepale bila kuandika na mukono, na shefu anataka ekra kubwa ku dirisha ili shofere naye aone kilo zake asianze kutugombeza, na ile ekra inaendeshwa na programu ingine ya Python ambayo ndugu mumoja alituandikia. Zote tatu ziko ku masini ile moja.

Kwanza nilitaka kila programu ifungue COM3 yenyewe, ya kwanza inafungua, ya pili inapata «L'accès au port 'COM3' est refusé». Basi sasa programu yangu inaandika uzito mu faili uzito.txt na zingine zinasoma. Inaenda, inaenda, kisha Excel inasema faili imeshikwa na mutu mwingine, ao Python inasoma mustari nusu na ekra inaandika 234 wakati kamyo iko na tani 23 na zaidi. Shofere anacheka, sisi hatucheke.

Nasikia bantu banasema DDE, banasema paipu, memori ya pamoja, soketi, zote ni njia za programu kupashana data, lakini sijue ipi ni ya nini. Ni ipi inafaa kwa kazi hii? Kununua programu hapana, tutumie paka ya bure.

---

ibanda_net (Bukavu)

Chukua com0com na hub4com, ni vya bure. Vinakutengenezea porti za uongo, hub4com inashika COM3 ya kweli halafu inagawa kwa COM11, COM12, COM13, kila programu inafungua yake. Hauandike hata mustari moja wa kodi.

---

Birere_dev (Goma)

@ibanda_net hiyo inafanya kazi kweli, nimeitumia kwa GPS, lakini kwa mizani siipendi. Moja, kila programu itabidi ijue kusoma ule mustari wa ST,GS yenyewe, siku mukibadilisha kisanduku munabadilisha kodi mahali patatu. Na tena Excel haijui kusoma porti ya serial, utaanza kuhangaika na VBA, ile lugha ya kuandika programu ndani ya Excel. Mbili, kama programu mbili zinaweza kutuma amri kwa kisanduku (mfano ile ya kurudisha ziro) basi mutu mumoja anarudisha ziro na mwingine hana habari. Mizani inataka mwenyewe mumoja.

@mutoto_wa_Katuba, kwa hiyo programu yako ya C# njo ikae mwenyewe wa COM3, zingine zote ziombe kwake. Sasa ziombe kwa njia gani:

Kwa ekra, fungua soketi ya TCP (mulango wa programu kuongea na programu ingine) ku 127.0.0.1 (adresi ya masini yenyewe), tuseme porti 5050. Kila mustari ukiingia ku COM3, usafishe, utume kwa kila mutu ameunganishwa. Python inasoma hiyo kirahisi sana. Funga ku 127.0.0.1 kweli, usiweke 0.0.0.0, ju ukiweka 0.0.0.0 firewall ya Windows itakuja kukuuliza maswali na mutu yeyote mwenye Wi-Fi ya biro atasoma kilo zenu.

Kwa Excel, tumia RTD. Hii ni funksio ambayo iko ndani ya Excel tangu Excel 2002, kazi yake ni hii tu, kupokea thamani inayobadilika kila mara. Kontable anaandika mu seli:

```
=RTD("Mizani.Rtd";;"KILO")
```

(Excel ya Kifaransa inataka nukta-mukato ; katikati, si mukato). Nyuma yake kunakuwa DLL ndogo (kipande cha programu) ambayo wewe unaandika, inakaa ndani ya Excel, nayo inaunganishwa ku 5050 sawa na ekra. Yaani kwa programu yako, Excel ni muteja kama muteja mwingine. Kama hutaki kusumbuka na kuandikisha DLL mu rejista ya Windows, angalia Excel-DNA, ni ya bure, inakupunguzia kazi karibu yote.

Sasa kuhusu ile 234 yako: usifikiri ukitoka ku faili kwenda ku TCP itaisha yenyewe. TCP ni mutiririko wa bayiti, haijui ujumbe wako unaanzia wapi na unaishia wapi. Unatuma `+0023480kg` mara moja, ule upande mwingine unaweza kupokea `+00234` kisha `80kg`. Ku masini moja haitokeagi sana, ndiyo maana mutu anajaribu siku nzima anaona iko sawa, kisha siku ya makamyo mingi inaharibika. Malizia kila ujumbe na alama ya mustari mupya, na musomaji asifanye kitu mpaka aone hiyo alama. Mu Python:

```
s = socket.create_connection(("127.0.0.1", 5050))
for mstari in s.makefile():
    onyesha(mstari)
```

makefile inakukusanyia vipande mpaka mustari ukamilike.

---

papa_wa_Kamalondo (Lubumbashi)

Mwanangu, mimi nitasema neno kwa ajili ya DDE maana vijana wa leo banaizika ikiwa nzima. DDE ilikuja na Windows 2.0 mu 1987, na miaka ya tisini huku kwetu mu mausine ya shaba, kama ulitaka kuona joto la tanuru ao mwendo wa pampu mu Excel, ilikuwa paka DDE. Unaandika mu seli:

```
=MIZANI|UZITO!KILO
```

Jina la programu, kisha mada, kisha kitu chenyewe. Basi. Hakuna DLL, hakuna kuandikisha. Excel inapiga hodi, programu inaitika, na kila kilo ikibadilika programu inaituma bila kuulizwa. Ilikuwa hata na NetDDE ya kupitisha ku netiweki, ile iliandikwa na Wonderware, Microsoft ikaitia mu Windows for Workgroups, kisha Windows Vista ikaiondoa. Lakini DDE ya ndani ya masini moja ingali, Excel ya leo ingali inaielewa.

Kama programu yako ingekuwa ya zamani na inajua DDE tayari, ningekuambia usiguse kitu, andika ile fomula ulale. Kwa programu mupya ya C#, hapana, maana .NET yenyewe haina DDE, utatafuta maktaba ya mutu.

Na wewe ao mutu mwingine anayetumia DDE muangalie jambo hili, lilinisumbua sana. Hodi ya DDE inatumwa kwa kila dirisha kubwa lililofunguka ku masini, na anayetuma anangojea jibu la kila mumoja. Dirisha moja likiganda, hata la programu isiyohusika hata kidogo, Excel nayo inaganda inangojea. Watu wanalaumu Excel, kumbe ni programu ya printa imelala pale chini. Na tangu Vista, programu iliyofunguliwa kama administrateur haipokee ujumbe wa madirisha kutoka kwa programu ya kawaida. Kwa hiyo ukifungua musomaji wako kama administrateur na Excel ikiwa ya kawaida, hazionane, na hakuna kosa lolote linaandikwa mahali.

---

kadutu_soft (Bukavu)

Mimi ningefanya memori ya pamoja, bayiti chache tu, haina haja ya soketi. Kwa C# ni MemoryMappedFile, iko tangu .NET 4, na Python iko na mmap, ku Windows unaipa tagname na unapata ile memori ile ile. Anayeandika anaandika, wanaosoma wanasoma wakati wanataka, hakuna kutuma, hakuna kungojea. Kwa mwendo hakuna kinachoishinda.

Lakini kuna mutego. Memori ya pamoja haina mulinzi. Ukiandika kilo, kisha hali ya ST/US, kisha saa, musomaji anaweza kuingia katikati akachukua kilo mupya na hali ya zamani: anaona 23500 na ST wakati 23500 ilikuwa US. Programu haitaanguka, itakupa tu tiketi ya uongo. Kwa hiyo ama uweke kufuli, ile Mutex yenye jina, ama utumie hesabu: kabla ya kuandika unaongeza hesabu inakuwa witiri, ukimaliza unaongeza tena inakuwa shufwa. Musomaji anasoma hesabu, anasoma data, anasoma hesabu tena. Kama ni witiri ao imebadilika, anarudia.

Na ukichagua Mutex, ujue programu ikifa imeshika kufuli, C# inamupa yule anayefuata AbandonedMutexException. Usiimeze hiyo kimya kimya, inakuambia kwamba mutu alikufa katikati ya kuandika na pengine data ni nusu.

---

Birere_dev (Goma)

@kadutu_soft yote sawa, ila mistari tano kwa sekunde! Hiyo mwendo ya memori ya pamoja ni ya video, ya sauti, ya kamera. Kwa mizani, TCP inatosha na inabaki, na kesho shefu akitaka ekra ihamie masini ingine pale getini hautabadilisha kitu isipokuwa adresi. Paipu za Windows nazo zingefaa ndani ya masini moja, sizikatae, ni vile tu Python ya kawaida haizipendi sana.

---

mutoto_wa_Katuba (Lubumbashi)

Aksanti mingi ba yaya. Nimefanya vile Birere_dev alisema, TCP na RTD. Ekra ya shofere iko bwino sana, haijaandika tena 234.

Excel njo inanisumbua. Ku masini yangu ya nyumbani inaenda, ku ya biro seli inabakia #N/A. Nyumbani pia, uzito unakuja lakini kwa kuruka, unaona 12000 kisha mara moja 23480, ya katikati haionekane. Na kingine: kontable alishajumlisha kolono na SOMME, ikatoa 0. Sifuri mutupu!

---

Birere_dev (Goma)

Tuanze na ile nyepesi. SOMME kutoa 0 maana yake DLL yako inarudisha maandishi, si namba. SOMME inaruka maandishi bila kusema kitu. Angalia seli, kama 23480 imekaa upande wa kushoto ni maandishi. Rudisha double. Na ukigeuza maandishi kuwa double, usiache C# ifuate Windows ya Kifaransa, ju ikiona nukta ya desimali itakataa, yenyewe inangojea mukato:

```
double.Parse(s, CultureInfo.InvariantCulture)
```

Kuhusu #N/A ya biro, naweka pesa kwamba Office ya nyumbani na ya biro si biti sawa. DLL ya RTD inaingia ndani ya Excel yenyewe, kwa hiyo Excel ya biti 64 inataka iandikishwe na regasm (kifaa cha .NET cha kuandikisha DLL mu rejista) ya mu foldari Framework64, ile ya mu Framework ni ya biti 32. Mu Excel nenda Fichier, Compte, À propos, pale juu kabisa imeandikwa 32 ao 64.

Kuruka si ugonjwa. Excel inajizuia yenyewe isichukue data ya RTD zaidi ya mara moja kwa milisekunde 2000, ili isizame. Unaweza kushusha: Alt+F11, kisha Ctrl+G, uandike

```
Application.RTD.ThrottleInterval = 500
```

na inabakia hivyo hata ukifunga Excel. Lakini hata ukiweka 0 usitegemee kuona kila mustari. RTD inakupa ya mwisho tu, zile zilizopita katikati zimepotea, na iliundwa hivyo makusudi. Pia kontable akiwa ameingia mu seli anaandika, hajapiga Enter, basi Excel nzima inasimama, uzito haubadilike mpaka atoke. Ukiona uzito umekwama saa za mchana, kwanza uliza kama hajaenda kula akaacha seli wazi.

Na hapa nataka nikuulize: yule kontable anafanya nini na ile seli? Anaiangalia tu, ao ananakili uzito kutoka pale kuweka mu kitabu?

---

mutoto_wa_Katuba (Lubumbashi)

Ananakili. Kamyo ikitulia anafanya copier, coller valeur ku mustari wa chini, ile njo inakuwa uzito wa tiketi.

---

Birere_dev (Goma)

Nilijua. Hapo njo nina neno kubwa kuliko yote niliyoandika juu.

Munapitisha vitu viwili tofauti mu bomba moja. Uzito wa sasa hivi ni kitu cha kuangalia: ya mupya inafuta ya zamani, ukikosa tatu katikati hakuna hasara. Tiketi ni kitu kingine kabisa, kila moja ina thamani, ikipotea moja ni kamyo nzima imepotea, ikiandikwa mara mbili ni deni la mutu. RTD, DDE, ile soketi ya ekra, zote ni za kuangalia. Hakuna hata moja inayokuahidi kwamba kila kitu kitafika mara moja na kamili.

Tiketi iandikwe na yule yule mwenye COM3. Muendeshaji anabonyeza kitufe mu programu ya C#, programu inaangalia kama hali ni ST, inaandika mu SQLite (database ndogo inayokaa mu faili) na namba ya tiketi, saa, namba ya kamyo, kilo. Washa WAL (namna yake ya kuandika mabadiliko kwanza mu faili ya kando) ili Excel iweze kusoma wakati programu inaandika, na faili ya SQLite ikae ku diski ya masini ile, isiwekwe ku foldari ya netiweki, WAL haifanyi kazi pale. Kontable anasoma tiketi kutoka mule, hata mara moja jioni. Ile seli ya RTD ibakie ya macho tu.

---

papa_wa_Kamalondo (Lubumbashi)

Birere_dev amesema kweli, na mimi naongeza moja. Mwanangu, chomoa kebo ya COM3 wakati kamyo iko juu ya mizani, kisha uangalie ekra inasema nini.

---

mutoto_wa_Katuba (Lubumbashi)

Nimejaribu sasa hivi. Kamyo imeshuka, imeenda, ekra ingali inasema 23480. Na Excel pia 23480.

---

papa_wa_Kamalondo (Lubumbashi)

Eeh. Sasa kamyo ya pili inapanda, shofere anaona 23480 anajua ni yake. Mu usine tuliona pampu iliyosimama inaendelea kuonyesha mwendo wake wa jana.

Kila ujumbe utembee na saa yake. Tena si saa ya kutuma, bali saa ambayo mustari uliingia kutoka COM3, maana programu yako bado nzima, ingali inatuma ile ya mwisho, saa ya kutuma itaonekana mupya kila mara. Kama ile saa imepita sekunde mbili, ekra iandike vistari tu -----, na Excel irudishe #N/A. Kontable atapiga kelele, mwache apige.

---

kadutu_soft (Bukavu)

Na ku RTD kuna Heartbeat, Excel inaitaka ile funksio kuuliza kama uko muzima. Usidanganyike nayo, inajibu juu ya DLL peke yake, haijui kama kebo imechomoka.

Jambo lingine, @mutoto_wa_Katuba, ekra ya Python ikiganda, C# yako inafanya nini? Kama unatuma na Write ya kawaida mu tredi (njia ya kazi ndani ya programu) ile ile inayosoma COM3, bafa ya TCP (mahali data inangojea kutumwa) ikijaa Write inasimama, na kusoma mizani kunasimama nayo. Ekra ya shofere inazima biro nzima.

---

mutoto_wa_Katuba (Lubumbashi)

Ndiyo, niko natuma mu tredi ile ile. Niweke foleni kwa kila muteja?

---

kadutu_soft (Bukavu)

Foleni hapana, itajaa mistari ya zamani na ekra ikiamuka itaanza kuonyesha kamyo ya asubuhi. Kila muteja na tredi yake, na kisanduku kimoja cha thamani moja tu: COM3 inaandika juu ya ile iliyomo, tredi ya muteja inachukua inayoikuta na kutuma. Muteja mwenye kuchelewa anakosa za katikati, hakuna mwingine anayesumbuka. Asipopokea kitu muda fulani mufunge, Python iunganishwe tena yenyewe.

---

mutoto_wa_Katuba (Lubumbashi)

Sawa, nabadilisha leo usiku wakati mizani imefungwa. Office ya biro ni 64 kweli, nilikuwa natumia regasm ya mu Framework. Tiketi ku SQLite itangoja wiki ijayo, kontable anasema kwanza aone namba ya tiketi inaanzia wapi, juu vitabu vya zamani viko na mufuatano wake na hataki irudie. Nikianza na namba kubwa kuliko ya mwisho ya kitabu iko sawa ao SQLite inalazimisha ianzie 1?

---

ibanda_net (Bukavu)

Haikulazimishe. Ile kolono ikiwa INTEGER PRIMARY KEY, tiketi ya kwanza uiandike wewe na namba unayotaka, zinazofuata zitaendelea kutoka pale. Weka AUTOINCREMENT pia, ili hata mutu akifuta tiketi ya mwisho namba yake isirudi kutumika.